Jicho la Kulia Kwanza

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana tangu nianze kuandika kuna mtu mwenye kofia amekaa kibarazani kwa jirani, na gazeti alilolishika amelishika juu chini. Mimi si mtu wa kushuku. Huenda ndivyo anavyopenda kusoma.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na Mlezi wa Taifa, mtu mwema sana, ambaye siku moja aliteleza kidogo. Alikwenda ukweni, na mbele ya kamera akapokea bakuli la kunde kutoka kwa mama mkwe wake kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe alinyamaza. Kamera hazikunyamaza. Nchi nzima iliona, na hata watoto wa chekechea walijua kwamba kitu cha mkwe hakipokewi kwa kushoto. Mlezi alijifungia ikulu kwa aibu, na alipotoka alitoka na Waraka wa Adabu: kuanzia siku hiyo, kila huduma ya serikali itaanza upande wa kulia.

Sisi tulipiga makofi. Nani asiyependa adabu? Kwenye milango ya ofisi wakawekwa askari wa kutazama miguu, na aliyetanguliza wa kushoto alirudishwa kwao akaianze safari upya. Walimu wakasahihisha mitihani kuanzia watoto waliokaa kulia, muhula ukaisha hawajawafikia wa kushoto. Siku moja nyumba ya mtaani kwetu ikashika moto. Zimamoto walifika haraka ajabu, wakaimwagia maji nyumba ya upande wa kulia, ambayo haikuwa inaungua. Mwenyewe aliloa vizuri sana, yeye na magodoro yake, na hakulalamika. Ile ya kushoto ilizimika yenyewe ilipokwisha.

Hospitali nazo ni serikali. Jirani yetu Bwana Kihampa alikwenda kutibiwa goti la kushoto, akarudi goti la kulia limefungwa bandeji mpaka pajani. Tulipokwenda kumpa pole, aliikataa.

"Mnipongeze," alisema, baada ya kuchungulia dirishani kwanza. "Nimeanza vizuri. La kushoto zamu yake itafika."

"Lini?" mke wangu aliuliza.

"Mama Tunu, hayo maswali yako yatakufunga, shauri yako."

Kihampa hakuwa mlalamishi. Sasa alikuwa na magoti mawili mabovu, na uzalendo wake ulikuwa haujaguswa.

*

Mke wangu anaitwa Zamda, ingawa mtaani ni Mama Tunu. Ni msusi. Watu walitoka mbali kumfuata, kwa sababu akikupasua njia kichwani ilinyooka kama imepigwa rula. Kazi hiyo aliifanya kwa jicho la kulia peke yake. La kushoto lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, limefunga ukungu mweupe kama uji wa mchele. "Nikilifumba hili zima," aliniambia, "wewe ni kivuli chenye masharubu." Alichotaka ni kidogo: lile bovu litibiwe kabla halijafa kabisa, na lile zima lisiguswe na mtu.

Bima ya afya tulikuwa nayo. Kila raia alikuwa nayo, atake asitake. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kumwona daktari kabla ya kuhudhuria Darasa la Istilahi, maana Wizara iligundua kwamba wananchi wengi walikuwa wanaugua bila kuelewa maneno.

Darasa lilifanyika katika ukumbi wa hospitali kuu, chini ya kibao kikubwa kilichoandikwa ASIYEJUA MAANA HAAMBIWI MAANA. Mwalimu alikuwa Profesa Ndimbo, Mfafanuzi Mkuu wa Wizara. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa profesa wa kufafanua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na mfuko umeshonwa juu yake kwa uzi mzuri wa hariri, ili usije ukatoka wenyewe mbele ya wageni.

"Ndugu wagonjwa," alianza, "taifa lisilojua istilahi ni taifa linaloumwa ovyo ovyo. Nani ataniambia, bima ni nini?"

Mwanamume mmoja aliyevimba shavu kwa jino alijibu kwa taabu kwamba bima ni kuchangiana, ili anayeumwa atibiwe.

"Umepata nusu," alisema Profesa. "Bima ni utulivu wa moyo. Unachangia, moyo unatulia. Moyo ukishatulia, bima imemaliza kazi yake. Matibabu ni somo jingine."

Tukaitikia kwa pamoja: utulivu wa moyo.

"Maradhi yaliyokuwepo kabla. Hayo ni yale uliyokuwa nayo kabla ya kufika hapa. Bima haiyagusi."

"Lakini Profesa," alisema mama mmoja mjamzito, "si kila mtu humu kaja na ugonjwa wake kutoka nyumbani?"

"Hapo ndipo mlipokosea." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Na dharura? Dharura ni jambo lisiloweza kusubiri. Sasa ninyi mmekaa hapa tangu asubuhi mnasubiri. Kwa hiyo humu hakuna dharura."

Mwenye jino akaanguka kutoka kwenye benchi.

"Huyo anaanza kukaribia," alisema Profesa, akaendelea. "Ridhaa ni kukubali kutibiwa. Katika nchi yetu ridhaa hutolewa kwa kutikisa kichwa mbele ya shahidi. Kwa mwanamke aliyeolewa, atatikisa mumewe, kwa kuwa yeye ndiye kichwa."

Nyuma yetu mzee mmoja alikuwa amesinzia, kidevu kikimdondoka na kupanda, kikimdondoka na kupanda. Wauguzi wawili walimwona, wakashuhudiana, wakamchukua kwenda kupasuliwa. Alikuwa amemsindikiza dada yake tu. Lakini sisemi kitu, naeleza.

Hapo Zamda akanyoosha mkono, wa kulia.

"Uzembe wa daktari ni nini, Profesa?"

Watu waliokuwa wamekaa karibu naye wakasogea kidogo.

"Swali zuri," alisema Profesa. "Nani kakutuma?"

"Jicho langu."

"Vizuri. Uzembe ni daktari kukiuka utaratibu. Utaratibu ni kuanza kulia. Daktari atakayeanza kushoto ni mzembe, na jela inamsubiri."

"Na akipasua jicho zima, bovu akaliacha?"

"Kama hilo zima ni la kulia, hiyo inaitwa huduma ya awali."

"Na nikipofuka?"

"Hayo yanaitwa matokeo."

"Na fidia je?"

Profesa alitabasamu, kwa sababu hapo alipapenda. "Fidia, mama yangu, hulipwa aliyeumizwa. Sasa hospitali ikipelekwa mahakamani, ikasemwa vibaya mbele ya watu, nani kaumia? Hospitali. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Fidia ipo."

Tulipewa alama za kufaulu. Zamda alipewa alama za kufaulu kwa mashaka, na mtu mmoja mwenye suti ya kijivu akaomba kujua nyumba yetu iko upande gani wa barabara. Nilimwambia upande wa kulia.

*

Daktari wa macho alikuwa kijana mmoja mwembamba, Dakta Mbonde. Alimmulika Zamda jicho la kushoto kwa muda mrefu. Kisha akainua pazia atazame kama kuna mtu nyuma yake. Alikuwepo muuguzi, naye alikuwa akitazama kama kuna mtu anatazama.

"Mama, linaloumwa ni la kushoto," daktari alisema kwa sauti ya chini muuguzi alipokwenda zake. "Hilo hata mimi naliona."

"Basi lipasue hilo, mwanangu."

"Nikilipasua hilo, mimi ndiye mzembe. Mwenzangu aliokoa figo ya kushoto ya mtu, leo anatibu chunusi za wafungwa." Akatutazama mmoja mmoja. "Au ninyi ndio mmetumwa kunijaribu?"

"Sisi?" nilisema. "Tunajuaje kama si wewe uliyetumwa kutujaribu sisi?"

Tukatazamana. Alikuwa na uso wa mtu mwema, na katika nchi ile hakuna uso uliotutia hofu kama huo. Nje viatu vya muuguzi vikasikika vinarudi. Dakta Mbonde akaruka kwenye kiti chake, akapaza sauti: "Jicho la kulia! Siku itapangwa!"

Tulipofika mlangoni kwetu, Zamda alisimama kizingitini.

"Tuache," alisema. "Nina jicho moja zima, na hilo ndilo wanalolitaka. Nitakaa nalo. Hilo bovu lifie hapo hapo lilipo."

Ningemsikiliza, hadithi ingeishia hapa. Lakini mimi ni mtu ninayeamini kwamba mambo yana njia yake, ukiitafuta kwa heshima.

Asubuhi yake alikuwa amesimama mbele yangu akinifunga kifungo cha kola. "Una chembe ya mkate," akasema. "Futa, shavu la kulia." Nikafuta la kulia. "Siyo hilo, la huku, kulia kwangu." Nikaganda na mkono shavuni. Waraka wa Adabu ulisema huduma ianze kulia. Haukusema kulia kwa nani! Daktari akisimama uso kwa uso na mgonjwa, kulia kwake ni kushoto kwa mgonjwa. Jicho bovu la mke wangu lilikuwa kulia siku zote. Ilitegemea tu umesimama wapi.

Nilicheka kwa sauti. Zamda hakucheka.

"Usiende kuwauliza," alisema. "Watu wale ukiwauliza swali, wanalijibu."

Nikaenda.

*

Kamati ya Tafsiri ya Waraka ilikuwa na wajumbe wengi, wote wamekaa kulia kwa mwenyekiti, kwa hiyo upande mmoja wa meza ulikuwa mtupu na upande wa pili walikuwa wamepakatana. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mheshimiwa Bi Tegemea, mwanamke mzito wa maneno na mwepesi wa kusinzia. Nikaeleza hoja yangu kwa unyenyekevu. Nikaomba wajumbe wawili wasimame watazamane, kila mmoja anyooshe mkono wake wa kulia pembeni.

Wakasimama. Wakanyoosha. Mkono mmoja ulielekea mlangoni, wa pili ukaelekea dirishani.

Hofu iliyoingia chumbani mle siwezi kuieleza. Kila mmoja wao alimtazama mwenzake kama mtu aliyekaa na adui miaka yote bila kujua. "Mheshimiwa," mmoja alipiga kelele, "huyu bwana ananyoosha kushoto!" "Wewe ndiye unayenyoosha kushoto," mwenzake akajibu, "na nimekushuku tangu zamani!" Askari aliitwa. Alipofika aliulizwa kulia ni wapi, naye, masikini, akasema inategemea. Wakamtoa nje.

Jaji Tegemea aliamka, akapiga meza.

"Kamati imetafakari," alisema. "Haiwezekani taifa moja kuwa na kulia mbili. Kulia ni kulia kwa serikali. Daktari akiwa kazini ni serikali. Mgonjwa ni mwananchi, na mwananchi hana upande. Kwa hiyo daktari ataanza na jicho lililo kulia kwake yeye daktari. Na kwa mujibu wa kanuni, aliyeomba tafsiri ndiye mwenye dhima nayo. Kikao kimefungwa."

Walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, machozi yakinitoka kwa furaha. Lile neno dhima lilinipita, maana Profesa Ndimbo alikuwa hajalifundisha. Nilidhani ni aina ya heshima, kitu kama mgeni rasmi.

Nilipomsimulia Zamda, alikuwa akimsuka binti mmoja. Vidole vyake vilisimama.

"Wamekubali upesi mno," alisema.

"Wamekubali kwa sababu nina hoja."

"Baba Tunu, ni lini umewaona wale wanakubali kitu kwa sababu ya hoja?"

"Mkataa pema pabaya panamwita," nikamwambia. "Mke wangu, tumepata hukumu. Nani mwingine mtaa huu ana hukumu?"

Alimmaliza yule binti mistari yote ya kichwa kabla hajanijibu. "Sawa," alisema. "Mimi wale siwaamini hata kidogo. Lakini kama wewe unasema twende, tutakwenda."

*

Siku ya upasuaji Profesa Ndimbo mwenyewe alikuja kutupokea. Habari ya hukumu ilikuwa imeenea, akaniita mwanazuoni mwenzake. Akanisimamisha karibu naye nyuma ya kioo kikubwa cha chumba cha upasuaji, mahali pa mashahidi, ambapo palikuwa na kipaza sauti cha kusemea na mtu wa ndani.

Nilimwona Zamda akilazwa. Wakamtia ganzi ya macho, akabaki hajalala, ana akili zake zote, kisha wakamfunika uso kwa kitambaa cha kijani. Dakta Mbonde akaingia. Alisimama miguuni pa kitanda, uso kwa uso na mgonjwa wake, na mkono wake wa kulia ukawa sawasawa na jicho lile bovu. Moyo wangu ulitulia. Nikasema kumbe hii ndiyo bima yenyewe.

Kisha daktari akazunguka, akaenda kukaa kichwani.

"Kwa nini anakaa kule?" nilimuuliza Profesa.

"Darubini," alisema kwa fahari. "Mpya kabisa, zawadi ya nchi rafiki. Imefungwa sakafuni kwa boliti, na kiti chake pia. Daktari wa macho hukaa kisogoni kwa mgonjwa. Mlezi wa Taifa ndiye aliyeizindua."

Nikaanza kupiga hesabu. Niligeuka, nikanyoosha mkono wa kulia. Nikajiwazia nimelala chali, mtu amekaa utosini kwangu, anatazama miguu yangu. Nikageuka tena. Mkono wake wa kulia uko wapi? Uko kwangu kulia, au kushoto? Nilipoteza hesabu, nikaanza upya, jasho likinitoka. Profesa alinishika bega.

"Mwanazuoni," alisema, "watu wanasubiri ridhaa."

Dakta Mbonde alikuwa ameinua uso, ananitazama kupitia kioo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu na kile kisu chake kidogo, haushuki. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sasa najua alikuwa ananisubiri nikatae. Wakati ule nilidhani ananishuku.

Kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya Zamda ikatoka chini ya kitambaa.

"Baba Tunu, upo?"

"Nipo, mke wangu."

"Huyu daktari amekaa wapi? Namsikia kisogoni."

Muuguzi mmoja akanitazama. Profesa akanitazama. Yule mtu wa suti ya kijivu naye alikuwepo, sikumwona alipoingia. Niliona aibu kusema kwamba mimi, niliyeleta hukumu, sijui tena kulia ni wapi.

"Ni sawa," nilisema. "Wanajua wanachofanya."

"Wewe ndiye unayesema ni sawa, au wao?"

"Mimi, Mama Tunu."

Nikatikisa kichwa mara moja, na mashahidi wote wakaona.

*

Walipomfungua bandeji chumba kilijaa. Dakta Mbonde hakuwepo. Tuliambiwa amepandishwa cheo, na mtu aliyetuambia hakutuangalia usoni. Profesa Ndimbo alitoa hotuba fupi. Alisema huduma ya awali imekamilika kwa kiwango cha kimataifa, kwamba matokeo yamepatikana, na kwamba jicho la kushoto sasa litaingia katika yale maradhi yaliyokuwepo kabla. Kisha akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu za taifa, mwenye dhima ni nani. Wote wakageuka kunitazama, na hapo neno lile nikalielewa bila kufundishwa.

Zamda alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alifumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili.

"Weupe," alisema. "Huku weupe, na huku weupe."

Wageni walitoka mmoja mmoja, kila mtu akitanguliza mguu wa kulia, mlango ukafungwa. Nikasogea karibu naye. Nilitaka kumwambia kwamba nilipiga hesabu, kwamba darubini ilikuwa imefungwa kwa boliti, kwamba hata wajumbe wa Kamati walishindwa. Alinyoosha mkono hewani akanitafuta, akanipata kifuani, akapapasa kola yangu mpaka kwenye kifungo. Kilikuwa wazi. Akakifunga polepole kwa kupapasa, akakosea tundu, akaanza tena.

"Wale nilijua watanifanyia nini," alisema. "Niliwashuku wote, mpaka aliyeniletea maji ya kunywa. Wewe tu ndiye sikukushuku."